Grant aliuliza swali sahihi, ila kuna shahidi mmoja hakuitwa

Swali lenu la juma hili linasema: je, riwaya ya askari mpelelezi inaweza kumshika msomaji ikiwa hakuna maiti mpya, hakuna kufukuzana, na mpelelezi mwenyewe hatoki chumbani? Nasema inaweza, na mfano wangu ni The Daughter of Time ya Josephine Tey, iliyotoka Uingereza mwaka 1951. Najua haipendwi na wote. Katika kikundi chetu cha usomaji hapa Tanga iliwagawa watu vibaya. Kuna waliokesha nayo, na kuna dada mmoja aliyeirudisha akiwa hajafika katikati, akasema amechoshwa na akina Edward na akina Richard wasiokwisha.

Kwa asiyeijua, Inspekta Alan Grant wa Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, amelazwa hospitalini London, mguu umevunjika alipokuwa akimkimbiza mhalifu. Hana la kufanya ila kutazama nyufa za dari. Rafiki yake Marta, mwigizaji wa jukwaani, anajua jinsi Grant anavyopenda kusoma nyuso za watu, basi anamletea bahasha ya picha za watu wa kale. Uso mmoja unamgusa. Anadhani ni wa jaji, au wa mtu mkubwa aliyebeba dhamana kuliko nguvu zake. Anageuza picha, kumbe ni Mfalme Richard wa Tatu, yule ambaye watoto wa shule Uingereza wamefundishwa kwamba aliwaua watoto wawili wa kaka yake katika Mnara wa London mwaka 1483 ili akae kwenye kiti cha enzi. Grant anaamua kuifungua kesi hiyo upya akiwa kitandani, na kijana wa Kimarekani aitwaye Brent Carradine anakuwa miguu yake, akienda kupekua maandishi British Museum na kurudi na majibu.

Mimi ni karani wa mahakama, na pengine ndiyo maana kitabu hiki kilinikamata palepale wengine walipokiacha. Kwa muda mrefu shahidi mkuu dhidi ya Richard alikuwa Sir Thomas More, mtu mwenye heshima kubwa, aliyefia msimamo wake. Grant anasoma maelezo yake, anavutiwa, kisha anafanya hesabu ndogo ambayo hakimu yeyote angeifanya: More alizaliwa 1478, Richard akauawa vitani Bosworth 1485. Shahidi alikuwa mtoto wa miaka 7! Yote aliyoandika aliambiwa, na mmoja wa waliokuwa karibu naye utotoni ni John Morton, aliyemlea nyumbani mwake, adui wa Richard aliyekuja kupewa uaskofu mkuu wa Canterbury chini ya mfalme aliyemwangusha Richard. Kila siku nawaona mawakili wakisimama kupinga maneno ya namna hiyo: shahidi, ulikuwepo? Uliona kwa macho yako? Tey aliichukua kanuni hiyo ya mahakamani akaijengea riwaya nzima, na inanisisimua kuliko bastola.

Kuna jambo la pili ambalo Grant analifanya vizuri zaidi. Anaacha kusikiliza watu walisema nini, anatazama walifanya nini. Mama wa wale watoto, Elizabeth Woodville, alikuwa amejificha na mabinti zake katika hifadhi ya kanisa Westminster. Machi 1484 alitoka, akawakabidhi mabinti kwa Richard, akakubali posho kutoka kwake. Grant anauliza: mama gani anapokea posho kutoka kwa muuaji wa wanawe? Kisha anamgeukia yule aliyemwangusha Richard na kukalia kiti chake, Henry wa Saba. Bunge la Richard lilikuwa limetunga sheria, Titulus Regius, iliyotamka kwamba watoto wa kaka yake hawakuzaliwa katika ndoa halali. Henry alitaka kumwoa dada yao, basi aliifuta sheria hiyo bila kusomwa, akaamuru nakala zake ziharibiwe. Lakini kumrudishia dada uhalali ni kuwarudishia pia wale wavulana haki ya kutawala kabla ya Henry mwenyewe. Ikiwa walikuwa hai bado, yeye ndiye aliyekuwa na sababu ya kuwaondoa. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatembea uani kwanza.

Hata hivyo siwezi kuwaunga mkono wanaosema kesi imekwisha na Richard hana hatia. Mwaka 1936, miaka 15 kabla ya riwaya, ilichapishwa ripoti iliyokuwa imelala katika maktaba ya Lille, Ufaransa. Iliandikwa na Mwitalia, Dominic Mancini, aliyekuwepo London hadi Julai 1483 na akaimaliza Desemba mwaka huohuo, Henry akiwa bado mkimbizi tu. Mancini anasema wavulana walionekana nyuma ya vyuma na madirisha, siku hadi siku mara chache zaidi, mpaka wakatoweka kabisa. Anasema daktari wa yule mkubwa, aliyekuwa na miaka 12, alisimulia kwamba mtoto alikuwa akitubu dhambi kila siku kwa kuamini kifo kinamngoja. Anasema aliona watu wazima wakitokwa na machozi jina lake likitajwa. Vilevile anakiri kwamba hajui kama ameuawa wala vipi, na kwangu hilo linamwongezea uaminifu. Huyu ndiye shahidi Grant aliyekuwa akimtafuta: alikuwepo, aliandika mapema, wala hakuwa mtu wa Henry. Riwaya haimpi nafasi kizimbani, na Grant, aliyekataa kumhukumu Richard kwa maneno ya kuambiwa, anamtia Henry hatiani kwa kudhani tu. Limenikera, tena limenikera kwa sababu nakipenda kitabu.

Wasomaji wa Wales wana malalamiko yao pia, na ni ya haki. Grant anautumia mji wa Tonypandy, penye ghasia za wachimba makaa za mwaka 1910, kama mfano wa uongo unaogeuka historia, kana kwamba watu walijeruhiwa kidogo tu puani. Mamia waliumia, na mchimba migodi mmoja alikufa kwa pigo la kichwa. Mwandishi anayedai ushahidi kwa wengine alipaswa kuutafuta hapo nao.

Na suala la kumjua mtu mwema kwa sura yake, kama Grant alivyoanza? Silikubali. Hata mle ndani picha moja inasomwa kwa namna nyingi: muuguzi anaona mgonjwa wa ini, daktari wa upasuaji anaona aliyewahi kuugua polio. Kizimbani nimeona nyuso za upole zenye makosa mazito.

Mwaka 1990 chama cha waandishi wa riwaya za uhalifu cha Uingereza kilikitaja kitabu hiki cha kwanza katika orodha ya riwaya 100 bora za aina hiyo, na mwaka 2012 mifupa ya Richard ilifukuliwa chini ya maegesho ya magari Leicester, uti wa mgongo ukiwa umepinda pembeni. Mabishano yakaanza upya, safari hii hata kwa wasiosoma riwaya.

Kwa dada yetu aliyekirudisha, ushauri wangu ni huu: achore kwanza ukoo wa York, yaani ukoo wa Richard, kwenye karatasi, majina kumi tu yanatosha, akiweke kitabu juu ya karatasi hiyo, aanze tena pale Carradine anapoingia wodini. Akimaliza atafute maneno ya Mancini, yapo katika tafsiri ya Kiingereza, ayasome kabla hajatoa hukumu. Mimi nimeyasoma yote mawili na bado namwona Richard kuwa mshukiwa wa kwanza, ingawa ningekuwa wakili wake ningekubali kesi hiyo bila malipo.