Re: Kupika ufukweni Kigoma kiangazi hiki, samaki gani na bia gani?

Mkuu, umeuliza ukija na wenzako mwezi wa saba mchome nini nje, na bia gani iendane nacho. Mwezi wa saba mvua hakuna, hapo hujakosea.

Nenda asubuhi mwaloni Kibirizi, wanakoshusha samaki, chukua samaki aina ya migebuka kama wapo. Mpasue mgongoni, chumvi, ndimu, kitunguu saumu, akae saa moja. Mawese mpake kiduchu tu. Yakidondoka mkaani moto unaruka, samaki anaungua nje huku ndani mbichi. Niliwahi kuwalisha wakwe hivyo, naona aibu mpaka leo. Samaki aina ya kuhe ana mnofu mnene, yeye msubirishe mpaka mkaa uote majivu meupe.

Dagaa wabichi, angalia mwezi angani kwanza. Wavuvi huwavuta kwa taa usiku, sasa mbalamwezi ikiwaka ziwa zima, taa inamvuta nani?

Bia za viwanda vidogo mnazosifia huko Dar mimi huku sijazikuta, beba zako. Nyepesi yenye uchungu kidogo inakata mafuta ya mawese vizuri. Nyeusi iache kwa mbuzi. Ila onjeni na pombe ya ndizi, ile inayochachushwa kwa mtama uliokaangwa. Siku ya kwanza tamu, ya pili inaanza ukali, na hapo ndipo mimi huipenda.

Upepo wa ziwani mchana unapeperusha majivu hadi kwenye ugali wa muhogo. Washa jiko saa kumi na moja jioni, nyuma ya jiwe kubwa.