Upasuaji wa ubongo: vishikwambi, simu na kengele za monita

Maswali ya safari hii yanahusu vifaa vya kidijitali kando ya kitanda cha mgonjwa aliyepasuliwa ubongo. Mengine yametoka kwa wauguzi, mengine kwa wanaouguza ndugu zao.

Wodini tumeletewa vishikwambi tujazie vipimo badala ya karatasi. Naona kazi imeongezeka tu. Faida iko wapi? – Muuguzi, Mwanza

Muuguzi mwenzangu, mchukulie mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji alasiri. Saa moja jioni GCS yake, yaani alama za kiwango cha fahamu ambazo juu kabisa ni 15, ni 15. Saa mbili, zamu zikikabidhiana, ni 14. Saa tatu ni 13. Waliopima ni watu tofauti, kila mmoja kaona alama moja tu imepungua, akasema bado ana usingizi wa nusu kaputi. Zimeshuka mbili, na hakuna aliyeziona zote. Damu inayovuja ndani ya fuvu baada ya upasuaji mara nyingi hujitokeza katika saa 6 za mwanzo, yaani hizo hizo tunazozipoteza. Kishikwambi kilichopangwa vizuri huchora mstari wa vipimo vyote na kutoa tahadhari alama 2 zikishuka, na hapo daktari anaitwa hata kama mgonjwa "amelala vizuri tu".

Ila jaza ukiwa kitandani. Vipimo vya saa tatu usiku vikiingizwa alfajiri, tahadhari itatoka mgonjwa ameshaharibikiwa. Na usijaze jumla peke yake. Macho yana alama hadi 4, maneno hadi 5, mwendo wa viungo hadi 6, na anayeshuka kwenye mwendo wa viungo ananitia hofu kuliko anayefumba macho kwa usingizi. Mwenye mpira kooni hawezi kusema. Kama mfumo wenu unamlazimisha kupewa alama ya maneno bila nafasi ya kueleza sababu, waambieni waliouleta waurekebishe, msinyamaze.

Kuna jambo ambalo hakuna programu italiona. Mzee aliyetoka kijijini, anayesema Kisukuma tu, akiulizwa kwa Kiswahili yuko wapi na huu ni mwezi gani, hujibu ovyo au hukaa kimya. Anaandikiwa kwamba amechanganyikiwa. Mpigie mwanawe simu, fungua spika, amwulize kwa Kisukuma huku wewe unasikiliza na kuangalia. Ni dakika mbili, na alama inakuwa ya kweli.

Mwanangu alikuwa na kichwa kikubwa, amewekewa mpira wa kupunguza maji. Muuguzi kanipa namba niwe namtumia picha za mshono. Nitume nini, na lini niache simu niende hospitali? – Mama, Morogoro

Mama, pole kwa kuuguza. Piga picha mchana, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, kwani huo huficha wekundu. Piga moja ya karibu na nyingine ya kichwa kizima. Chunguza pia njia ya mpira nyuma ya sikio, shingoni, na mshono wa tumboni. Mzunguko wa kichwa upime kila wiki kwa futi ya fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi na kupitia kisogoni palipochomoza zaidi, kisha uandike. Video fupi ya macho inasaidia sana: yakiwa yanatazama chini kama jua linalozama, muuguzi ataelewa mara moja.

Simu iache, uende hospitali yenye daktari wa upasuaji wa ubongo, ukiona mtoto anatapika mfululizo, analala kupita kawaida na haamki vizuri, utosi umevimba akiwa ameketi ametulia, ana homa, amepata degedege, au mshono unatoa maji. Piga simu ukiwa njiani. Usikae nyumbani unangoja ujumbe ujibiwe. Mpira unaweza kuziba miezi au miaka baada ya upasuaji, kwa hiyo namba hiyo usiifute mshono ukishapona.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni nikiamini kiasi gani? – Muuguzi, Mombasa

Kiamini kwa tahadhari, dada. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa kifaa hicho kilikosa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi kuliko kwa weupe. Ubongo uliotoka kupasuliwa hauvumilii upungufu huo. Kikisoma 93 na mgonjwa anahema kwa shida, amini kifua chake. Na huko kwenu pwani angalia piko na rangi za kucha. Zikiwepo, jaribu kidole kingine au cha mguu.

Tuna grupu la WhatsApp la wodi, tunatuma picha za CT scan humo. Ni sawa? – Muuguzi kiongozi, Dodoma

Naelewa kwa nini mnafanya hivyo: daktari yuko nyumbani na picha inamfikia kabla hajawasha gari. Lakini taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ombeni mfumo rasmi wa hospitali, kwa maandishi. Hadi uje, jina na sura visionekane, picha zisijihifadhi kwenye simu, na aliyehama wodi atolewe siku hiyo hiyo. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba kwenye grupu la watu 40 kila mmoja hudhani mwenzake ameshajibu. Mboni moja ikipanuka, mpigie daktari wa zamu, umsikie akisema anakuja.

Baba yuko ICU. Mashine inalia, muuguzi anaizima na kuondoka. Anatupuuza? – Kijana, Tanga

Mara nyingi hapana. Waya ukilegea au mgonjwa akijigeuza, monita hulia. Muulize muuguzi mlio upi ndio wa hatari kwa baba yako. Ana wajibu wa kukueleza. Msiizime wenyewe.