Maswali Yenu ya Fasihi: Yule kibarua mbona haongei?

Toleo lililopita tuliongelea shairi la Robert Frost, "The Death of the Hired Man", lile lililotoka 1914 kwenye kitabu cha North of Boston, na barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea, nyingine za hasira kabisa. Kwa aliyelikosa: Mary na Warren ni mke na mume, wana shamba huko New England, Marekani. Usiku mume anarudi kutoka sokoni, mke anamwahi mlangoni anamsukumia nje na mlango anaufunga, anamwambia Silas karudi, naomba uwe mpole. Silas ni kibarua mzee mwenye tabia ya kuwakimbia kazi ikipamba moto. Wanakaa kwenye ngazi za barazani wanabishana taratibu, mzee kalala ndani karibu na jiko. Mwisho Warren anaingia kumwangalia, anakuta kafa. Stori yote ndo hiyo.

Shikamoo mhariri. Mwalimu wetu anasema mgogoro mkuu ni Warren na Silas, sababu ya kazi na hela. Mimi niliandika ni mke na mume, nikapewa nusu maksi. Pia niliandika Silas sio mhusika mkuu kwa sababu haongei hata mstari mmoja, hapo nikapata sifuri. Nani yuko sahihi? – Kidato cha sita, Iringa

Marahaba. Hiyo sifuri ulistahili, samahani, ila hiyo nusu nadhani umeonewa kidogo.

Tuanze na mwalimu wako, maana ana hoja. Warren ana kinyongo cha kweli. Msimu wa kukata majani ya ng'ombe na kuyakausha, wakati kila mtu anatafuta watu wa kusaidia na hawapatikani, ndo Silas anaondoka, eti apate ka-mshahara, japo hela ya tumbaku asiwe ombaomba. Warren anamwambia mshahara wa kudumu siuwezi. Silas anasema kuna mwingine anaweza, Warren anajibu basi huyo mwingine na atoe. Halafu baridi ikiingia, kazi hakuna, mzee huyo anarudi. Mtu yeyote aliyewahi kulima na vibarua anaijua hiyo, wala haihitaji maelezo.

Lakini sasa angalia, huo ugomvi umeshatokea zamani, sisi tunausikia tu kwa mdomo. Kinachotokea mbele ya macho yetu ni Mary anamvuta mumewe pole pole kutoka kwenye hasira. Hapo ndo wewe uko sahihi. Na watu wote wakifika hapo wanakimbilia zile kauli mbili maarufu, Warren anasema nyumbani ni mahali ambapo ukilazimika kwenda, wenyewe nao wanalazimika kukupokea, na Mary anajibu yeye angesema ni kitu ambacho hata hauhitaji kukistahili. Mistari mizuri, sikatai, inapendeza hadi kwenye kalenda. Ila kama unatafuta mahali shairi linapogeuka, mimi nakwambia sio hapo. Ni juu kidogo, kwenye majani.

Mary anasimulia kwamba Silas anaweweseka kuhusu kijana mmoja anaitwa Harold Wilson, alifanya naye kazi shambani miaka minne nyuma, kijana wa chuo. Walikuwa wanabishana kutwa nzima juani. Harold anasoma Kilatini kwa sababu anakipenda tu, mzee haamini masikio yake. Mzee anamwambia anaweza kutafuta maji chini ya ardhi kwa kijiti, Harold hakubali, basi Silas akaona hiyo ndo dalili kwamba shule haijamsaidia chochote yule mtoto. Anachotamani ni apewe nafasi nyingine amfundishe angalau kupakia mzigo wa majani kwenye mkokoteni, na hapo hapo nani anadakia? Warren! Yule yule aliyekuwa amekasirika. Anasema ndio, hicho ndicho kipaji pekee cha Silas, kila anachochota na uma anakiweka mahali pake kama amekiandika namba, ili wakati wa kushusha ajue kipi kinaanza kutoka, na anavitoa vinakuja vifungu vifungu kama viota vya ndege wakubwa. Na hutamkuta hata siku moja amesimama juu ya majani yale yale anayojaribu kuyanyanyua.

Mtu hamsifii hivyo mwizi wa muda wake. Warren ameshashindwa kesi hapo na mwenyewe bado hajajua, anaendelea kubisha bisha kuhusu nyumbani ni nini lakini moyo umeshalainika, na kalainishwa na ufundi wa mzee, sio na huruma ya mke. Ndo maana nasema Silas ni mhusika mkuu. Haongei, hatumuoni, lakini tunaijua kazi ya mikono yake, aibu yake, hofu yake, ubishi wake, vyote kupitia midomo ya watu wawili ambao hata wao hawakubaliani kuhusu yeye. Mpelekee mwalimu hii, kwa adabu lakini.

Huyu Frost alikuwa mkulima kweli au ndo wale wa kuandika kijiji wamekaa mjini? – Msomaji, Kisumu

Alizaliwa mjini, San Francisco, mwaka 1874. Ila mwaka 1900 babu yake alimnunulia shamba Derry, New Hampshire, akakaa huko miaka kama tisa hivi, anafuga kuku na baadaye anafundisha pia. Mkulima hodari hakuwa. Kitabu chenyewe kilichapwa London, alikuwa amehamia Uingereza 1912, kwa hiyo lile shamba alikuwa ameshaliacha.

Mhariri, mume wangu kasoma ile makala yako akaniambia unaona, Warren ana haki, wewe na huruma zako utatufilisi. Sisi tulikuwa na mzee anatusaidia ng'ombe, aliondoka bila kuaga, juzi karudi anaumwa. Silas si ana kaka yake tajiri? Kwanini asiende huko? – Mama wa watoto watatu, Eldoret

Mama, nyumba yako siwezi kuiamulia, namsalimia mzee wa nyumba. Ila hilo swali la kaka hata Warren anauliza hivyo hivyo. Kaka anakaa maili 13 tu kutoka pale, ana hela, ni mkurugenzi benki, kwa nini mzigo uwe wetu. Na Silas mwenyewe hajawahi hata kuwaambia kwamba ana ndugu wa hivyo, wamejua kwa njia zao. Mary anampa jibu ambalo mimi naliona ni la kweli kuliko yote mle ndani, kwamba Silas ni yule yule, sisi hatusumbuki naye, lakini ndo aina ya mtu ambayo ndugu hawawezi kuivumilia. Hajawahi kufanya ubaya mkubwa. Hajui tu kwanini yeye asihesabiwe mtu kama watu wengine, na pamoja na uzembe wake hatakubali kudhalilika ili amfurahishe kaka yake.

Halafu kuna ule uongo wake. Mary alimkuta kajikunyata mlangoni kwa banda amelala, hoi, akamvuta ndani, akampa chai, akajaribu kumpa avute, haikusaidia, alichokuwa anasema ni kwamba amekuja kuwachimbia mtaro kule bondeni, na yale malisho ya juu atayasafisha. Mtu hawezi hata kukaa vizuri anaongelea mtaro! Warren anabahatisha hata kabla hajaambiwa, lazima kasema amekuja kuchimba mtaro. Mary anamwambia jamani mwacheni huyu mzee maskini abaki na heshima yake kidogo. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, sasa huyu kalidai jembe mwenyewe siku ya kwanza, kusudi asihesabiwe mgeni, wala omba omba. Sijui huyo mzee wenu aliporudi alisema amekuja kufanya nini. Msikilize tu hapo.

Najaribu kulitafsiri kwa Kiswahili kwa ajili ya kikundi chetu cha kusoma, nimekwama pale Mary anaposema Silas amekuja "home" kufa. Niandike kwao? – Msomaji, Tanga

Usiandike kwao, utaharibu kila kitu. Kwao ni kwa kaka yake, kule maili 13, na ndo mahali pekee ambapo hakwenda. Ukiandika "kwake" nako ni uongo, hana chake pale hata kijiko. Andika "nyumbani" liwe wazi hivyo hivyo bila mwenyewe, maana Warren naye analirudia hilo neno kwa kejeli ya upole, na ugomvi wao ni kwamba neno hilo ni la nani. Kiswahili hapa kimekubana kwa sababu kinataka kujua nyumbani kwa nani, na kwa bahati nzuri hilo ndilo swali la shairi lenyewe.

Mimi nilipata taabu zaidi mwishoni. Mary anabaki nje anatazama kama kawingu kale kataugonga mwezi au kataukosa, kanaugonga, Warren anatoka mapema mno, anakaa pembeni yake, anamshika mkono, anangoja. Mke anamwita jina tu, kama swali. Naye anajibu neno moja. Niliandika "Amefariki" nikafuta, hilo la matangazo ya redio. "Ametutoka" ndo kabisa, kama mwenyekiti wa kamati ya mazishi. "Amekufa" likakaa siku mbili, zuri, lakini bado refu kwa mtu ambaye hataki kufungua mdomo. Nimeacha "Kafa."