Siku mbili kutoka Bergen, Norwe, ukiwa na mama

Shikamoo kwa mama. Nimekuelewa, dada, unauliza umpeleke mama wapi kutoka Bergen: siku mbili, hamna gari, na magoti ya mama hayapendi vilima. Basi Geiranger, ule mkono wa bahari maarufu, iacheni, ni mbali mno. Nendeni kijiji cha Flåm.

Pandeni treni ya asubuhi hadi stesheni ya Myrdal, juu milimani, mbadilishe mpande ile ya Flåm: kilomita 20 tu, lakini inateremka mita 866. Mlale Flåm. Kesho yake pandeni boti hadi Gudvangen, mwendo wa kama saa mbili, kupitia Nærøyfjord, mkono wa bahari ambao penye wembamba una mita 250 hivi, kuta za mlima huku na huku. Mama atakaa ndani nyuma ya kioo. Wewe utaganda nje na simu yako. Kisha basi hadi Voss, na treni ya kurudi Bergen.

Mkibakiwa na muda, kijiji jirani cha Undredal wana jibini ya kahawia ya mbuzi. Tamu kama karameli, mimi sikuimaliza.

Juni hadi Agosti kateni tiketi mapema. Makoti ya mvua ni lazima, Bergen haina huruma. Magoti yakiwa yanavimba, amwone daktari kabla ya safari ndefu ya ndege.