Fundi Anajibu: Inteki ya hewa baridi kwa vumbi la Dodoma

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004, gia za mkono, injini haijaguswa. Naishi Ihumwa, kazini kwangu Mtumba, na mara kwa mara nashuka Morogoro. Nataka kuifungia inteki ya hewa baridi, yaani bomba na chujio la kuingiza hewa kwenye injini, na nimeonyeshwa aina tatu. Moja ina chujio la koni linalokaa wazi ndani ya boneti. Nyingine bomba lake linashuka hadi nyuma ya bampa. Ya tatu ina boksi lake lililofungwa. Wenzangu wanasema ile ya koni inatosha, maana boneti ya WRX ina tundu la upepo. Nichukue ipi? (Msomaji, Ihumwa)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Tuanze na hilo tundu, kwa sababu limewaponza wengi. Upepo unaoingia pale hauendi kwenye chujio. Unapita kwenye intakula, ile iliyolala juu ya injini, ambayo kazi yake ni kupoza hewa iliyokwisha kushindiliwa na turbo. Ukishapita hapo unashuka chini ukiwa umebeba joto. Koni iliyo wazi ndani ya boneti itavuta joto hilo, pamoja na la radieta na la turbo yenyewe. Kila hewa inapopanda joto kwa nyuzi 10, uzito wake unapungua kwa takriban asilimia 3. Nasi hapa Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kabla hata hujawasha gari. Turbo inafidia sehemu ya upungufu huo kwa kuzunguka zaidi. Usiiongezee mzigo. Ya koni iache.

Ya bampa kweli inavuta hewa baridi, na kwenye lami kavu ingefaa. Lakini wewe unakaa Ihumwa, najua njia za mitaani kule. Chujio linakaa jirani na tairi la mbele, linapokea vumbi lote linalorushwa na tairi hilo na la lori lililokutangulia. Halafu ikija Januari, mvua ya nusu saa inajaza korongo, na maji yanapita juu ya barabara. Chujio likizama, injini inavuta maji. Maji hayashindiliki kama hewa: pistoni inapanda, inagota, na koni-rodi, ule mkono unaoishika pistoni, inapinda. Hapo unatafuta injini nyingine.

Imebaki ya boksi. Kama lazima ununue, nunua hiyo, ila nenda dukani na kipimo. Kwenye WRX yako, sensa inayopima hewa imekaa kwenye bomba mara tu baada ya boksi la chujio. Kompyuta inajua upana wa bomba hilo la kiwandani na inapanga petroli kwa hesabu hiyo. Ukifunga bomba pana zaidi, hewa inapita mbele ya sensa polepole, sensa inasoma kidogo kuliko kilichoingia, na petroli inakuwa pungufu. Ukikanyaga mafuta turbo ikiwa imejaa, injini inaanza kugonga, yaani petroli inalipuka ovyo ndani ya silinda, na pistoni za EJ20, injini ya gari lako, hazivumilii hilo: kingo zinazoshika ringi zinavunjika. Kwa hiyo pale inapokaa sensa, upana wa ndani uwe sawasawa na wa zamani. La sivyo, tenga kabisa hela ya fundi wa kuipanga upya programu ya injini, tena akiwa na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli mkononi. Muuzaji akikwambia "funga tu, kompyuta itajizoesha", ondoka dukani kwake.

Lakini ningekuwa wewe nisingenunua hata moja. Boksi la kiwandani la gari lako tayari linavuta hewa ya nje, kutoka mbele upande wa fenda. Kwa injini ambayo haijaguswa, utakachoongeza ni mlio zaidi kuliko nguvu. Mlio ni mtamu, sikukatazi kuupenda, ila ujue ndio unaoulipia. Mimi hela hiyo ningeinunulia chujio jipya la karatasi la kampuni inayoaminika, plagi mpya, na bomba la mpira linalotoka kwenye sensa kwenda kwenye turbo. Bomba hilo likizeeka linapasuka chini, mahali usipopaona, na vumbi linaingia bila kupita kwenye chujio wala kupimwa.

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya hivi. Injini ikiwa imezimwa, fungua bomba baada ya sensa, funga kitambaa cheupe kidoleni, futa ukuta wa ndani. Kikitoka na wekundu, vumbi linapita, na linasaga mapanga ya turbo na kuta za silinda. Tafuta linapopitia: klipu ya boksi iliyolegea, au mpira wa chujio uliokakamaa.

SWALI: Kaka fundi, nina Altezza yenye chujio la pamba la kupaka oili. Gereji wanalipuliza kwa kompresa kila sevisi. Ni sawa? (Msomaji, Manyoni)

JIBU: Si sawa. Upepo wa kompresa unatanua nyuzi za pamba na kuacha matundu. Lioshe kwa sabuni yake maalumu, suuza kwa maji yasiyo na kasi kutoka ndani kwenda nje, lianike kivulini mpaka likauke kabisa, kisha lipake oili yake kidogo na uiache isambae kabla ya kulirudisha. Oili ikizidi inafika kwenye waya wa sensa na gari linaanza kukosa utulivu likiwa sailensi, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta. Ikishafika huko, sensa isafishwe kwa dawa yake ya kupuliza, waya usiguswe kwa kidole wala kitambaa. Na kwa vumbi la Manyoni wakati wa kiangazi, usisubiri sevisi: lifungue ulitazame kila mwezi.