Demareji: neno lililonilia hela kabla sijalijua

Ndugu zangu mnaoanza kuagiza mzigo wa kontena, kuna neno mlijue kabla hata ya kulipa advansi, nalo ni demareji (demurrage), hela unayotozwa kontena likikaa bandarini kupita siku ulizopewa. Mimi nililijua dirishani kwa wakala wa meli pale Dar, kontena la vigae la futi 20 lishafika, nikajua nalipa ushuru nachukua mzigo wangu, kumbe BL (bill of lading, hati ya meli ya kuchukulia mzigo) ilichelewa kunifikia na hesabu ya siku ilishaanza kitambo, naambiwa una demareji ya siku 11. Nikadhani ni kodi ya serikali.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Lubumbashi tuliyekuwa naye kwenye foleni. Akaniambia hilo neno asili yake Kifaransa, kwao wakitaka kujua mtu anaishi wapi wanatumia demeurer, yaani kukaa. Nikaja kufuatilia nikakuta kweli, Waingereza wamelitoa kwenye Kifaransa cha zamani, demorer, kukawia, na huko nyuma zaidi kuna mora ya Kilatini, ucheleweshaji, hiyo hiyo iliyomo kwenye moratoria. Enzi hizo ni meli nzima ndo ilikuwa inahesabiwa: ukikodi meli unapewa siku za kupakia na kupakua, ukizipitisha unamlipa mwenye meli kwa kila siku inayolala pale. Na mpaka leo meli za kukodi zina hiyo, halafu ikaingia na kwenye makontena.

Kwa hiyo unalipia kukaa, basi. Na anayelipwa ni kampuni ya meli, siyo TRA, na storeji ya bandari ni bili nyingine kabisa pembeni.

Sasa kabla hujabuku muulize msafirishaji siku za bure, yaani za kontena kukaa bila kutozwa, ni ngapi na akujibu kwa maandishi, omba 14, ikiwezekana 21, maana wengi wanakubali ukiomba mapema ila meli ikishatia nanga hakuna anayekusikiliza. Uliza pia zinaanza kuhesabiwa lini, na Jumapili na sikukuu zimo au hazimo, mara nyingi siku za bure zikiisha zote zimo. BL ifuatilie mzigo ukiwa bado baharini.

Na kontena likishatoka getini usilale, hapo inaanza ditensheni, ya kuchelewa kurudisha kontena tupu. Ukilirudisha lipige picha milango ikiwa wazi ndani kuonekane kusafi, na ile karatasi ya kupokelea usimwachie dereva.