Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Simu ya Mjukuu Wangu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, nami nimeisoma mara mbili kabla ya kukujibu. Unaniuliza kama ni vyema, kwa kuwa mjukuu wangu ametimiza miaka 11 na anataka simu yake mwenyewe, uiwekee kwa siri ile programu inayomwezesha mzazi kusoma kila ujumbe unaoingia na kutoka bila mtoto kujua. Jibu langu ni kwamba usiiweke kwa siri, na naomba usidhani kwamba nasema hivyo kwa kuwa nazidharau hatari unazoziogopa.

Bila shaka unaikumbuka ile kompyuta ya sebuleni. Ulikuwa na miaka 14 ulipokuja kuniambia, ukiwa umesimama mlangoni na kukunjakunja pindo la blauzi yako, kwamba kuna mtu unayeongea naye mtandaoni ambaye amekuomba picha. Sikukuuliza swali hata moja. Nilichomoa nyaya, nikaifungia kompyuta kabatini kwa miezi miwili, nikajiona mzazi hodari. Ulikuwa mtu mzima tayari uliponieleza kwamba kompyuta iliporudi mezani mtu yule naye alirudi, akakusumbua kwa majuma kadhaa, nawe ukanyamaza kwa sababu ulikwisha kujifunza kuwa anayesema ndiye anayeadhibiwa. Kosa lile lilikuwa langu, na kila ninalokuandikia hapa linatokana nalo.

Tazama jinsi walaghai wa leo wanavyofanya kazi. Mtu hujitokeza ndani ya mchezo au katika mtandao wa kijamii akijifanya rika la mtoto, humsifu, humwomba wahamie mahali pa faragha zaidi, kisha hutuma picha ya kwanza yeye mwenyewe, ambayo kwa kawaida ni ya mtu mwingine, na kuomba arudishiwe nyingine. Akishaipata, hubadilika papo hapo: humwonyesha mtoto orodha ya marafiki na jamaa zake, na kumwambia kwamba asipolipa au asipotuma picha zaidi, wote wataiona. Mtaji wote wa mtu huyo ni hofu ya mtoto kwa wazazi wake. Programu ya siri haiigusi hofu hiyo, na siku mtoto atakapoigundua (nao hugundua, maana wanazijua simu kuliko sisi) ataongea na wenzake kwa simu ya rafiki, mahali usipofika.

Kwa hiyo kabla ya kumkabidhi simu, mwambie waziwazi kwamba lolote atakalokuletea, hata kama yeye ndiye aliyekosea, hutamnyang'anya simu kwa sababu ya kukuambia. Kisha ujilazimishe kutimiza ahadi hiyo siku utakapotamani kuivunja. Likitokea lile la picha, msilipe na msitume nyingine. Hifadhini ujumbe wote na majina ya akaunti kabla ya kumzuia mtu huyo, mripoti kwenye mtandao husika na polisi. Kituo cha NCMEC cha Marekani, kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, kina huduma ya bure iitwayo Take It Down, inayotumika hata nje ya nchi hiyo. Picha yenyewe haiondoki kwenye simu, bali hutengenezewa alama yake ya utambulisho, mfano wa alama ya kidole, ambayo mitandao iliyojiunga huitumia kuitafuta na kuiondoa.

Umesema pia kwamba wenzake wote wamekwisha kufungua akaunti za mitandao ya kijamii, na kwamba unafikiria kumruhusu ajiongezee miaka miwili. Usikubali. Kikomo cha miaka 13 kilichozoeleka kilitokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 iliyokataza kukusanya taarifa za watoto walio chini ya umri huo bila idhini ya mzazi. Hakikuwahi kuwa kipimo cha ukomavu, na Australia imekwisha kupandisha kikomo chake hadi miaka 16 tangu Desemba 2025. Ila uongo wa umri una madhara ambayo wazazi wengi hawayapigii hesabu: mtoto wa miaka 11 akijiandikisha kuwa wa 13, atakapofika 16 akaunti yake itamhesabu kuwa mtu mzima wa 18, na ule ulinzi ambao mtandao huwawekea vijana utaondoka miaka miwili kabla ya wakati wake.

Kuhusu muda, usimwite mvivu anaposhindwa kuiweka simu chini. Ule ukurasa usiokwisha, unaozidi kushuka kadiri kidole kinavyousukuma, ulibuniwa mwaka 2006 na Aza Raskin, ambaye baadaye alikiri hadharani kuujutia. Kitu kisicho na mwisho hakimpi mtoto mahali pa kuachia, kwa hiyo mpeni ninyi: zimeni arifa zisizo za lazima, zimeni video zinazojianzisha zenyewe, na usiku simu zote zichajiwe nje ya vyumba vya kulala. Nimesema zote, ikiwamo ya mume wako na yako, kwa sababu mtoto wa umri wake anahitaji kulala muda wa saa 9 hadi 11, na hatakuelewa ukimhimiza kulala huku uso wako unamulikwa na skrini. Yule mdogo wa miaka mitatu hana haja ya barua ndefu: Shirika la Afya Duniani linashauri muda wake wa kutazama skrini usizidi saa moja kwa siku, na ukipungua ni heri zaidi.

Usimamizi nao ukue pamoja naye. Sasa hivi ujue nywila zake, naye ajue kwamba unazijua, na mpitie mipangilio ya faragha mkiwa mmekaa pamoja. Akifika miaka 14 hivi, acha kusoma ujumbe wake na ubaki kuuliza habari za anaoongea nao, kama unavyouliza habari za marafiki wanaokuja nyumbani. Akifika 16, utabaki na ushauri tu, nao utasikika kulingana na ulivyompokea alipokuwa mdogo.

Ikiwa programu ile umekwisha kuinunua, mwonyeshe, mweleze ulichokuwa umekusudia kukifanya, kisha uifute mbele yake. Akikuuliza kwa nini umebadili nia, mweleze habari ya ile kompyuta niliyoichomoa. Nimekuruhusu.

Mzazi wako akupendaye.